Kilichobaki Lens

Leo nawaomba twende pamoja hadi kaskazini mwa Ufaransa, jirani na mpaka wa Ubelgiji, tushuke katika mji uitwao Lens. Kutoka Paris ni mwendo wa saa moja na kitu kwa treni ya kasi. Nchi yenyewe ni tambarare kama mkeka uliotandikwa, mashamba kulia na mashamba kushoto. Halafu, ukikaribia, vinatokea vilima viwili vyeusi vilivyochongoka, vimesimama ubavu kwa ubavu mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya kuwa na kilima. Vimetoka wapi? Vimetoka chini ya ardhi, na waliovipandisha ni watu. Ni kifusi, msikilizaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja wachimbaji walishuka chini ya mji huu kutafuta makaa ya mawe, na kila walipopandisha makaa walipandisha pia mawe yasiyowaka. Makaa yalichambuliwa, yakaoshwa, yakapakiwa kwenye mabehewa na kwenda zake kuendesha viwanda na kupasha joto nyumba za watu wengine. Mawe yakamwagwa hapo hapo. Zamu baada ya zamu, toroli baada ya toroli, kifusi kikawa mlima. Vilima hivyo viwili, vilivyopo Loos-en-Gohelle, mji mdogo ulioshikana na Lens, vina kimo cha zaidi ya mita 140 kutoka chini hadi kileleni, na vinahesabiwa miongoni mwa vifusi virefu kabisa barani Ulaya.

Basi swali letu la leo ni hili. Migodi ikishafungwa, mji ufanye nini na kifusi chake? Ukiondoe, upande nyasi, uanze maisha mapya kana kwamba hapakutokea kitu? Au ukitunze, na uwakaribishe wageni waje kukitazama? Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza ukanda mzima wa makaa wa Nord-Pas de Calais katika orodha ya Urithi wa Dunia. Si jengo moja, si mgodi mmoja, bali maeneo 109: minara ya migodi, vifusi, njia za reli, shule, makanisa, na mitaa kwa mitaa ya nyumba za wafanyakazi. Orodha hiyo hiyo ina piramidi za Misri, ina Mji Mkongwe wa Zanzibar, ina magofu ya Kilwa Kisiwani. Mtu anaweza kushangaa: kifusi na piramidi, wapi na wapi? Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa wa haki, na nitaeleza kwa nini. Lakini nasema pia kwamba haki ile ina sharti lake, na sharti hilo ndilo gumu.

Historia tuipitie haraka. Makaa yaligunduliwa mwaka 1720 huko Fresnes-sur-Escaut, upande wa mashariki, karibu na Valenciennes. Upande wa Lens yalifikiwa baadaye sana, na kampuni ya migodi ya Lens iliundwa mwaka 1852. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia mji ulibomolewa karibu wote na migodi ikajazwa maji na jeshi la Ujerumani. Vita ilipokwisha ukajengwa upya. Baada ya Vita ya Pili migodi ikataifishwa, na Ufaransa iliyokuwa hoi ikawaambia wachimbaji kwamba nchi haitasimama bila wao. Wakati huo walizidi 200,000 katika ukanda mzima. Lakini haikupita miaka 15 kabla mafuta ya petroli, pamoja na makaa ya bei nafuu kutoka nje, kuanza kuwashinda, na serikali ikapanga kupunguza uzalishaji. Tarehe 21 Desemba 1990, huko Oignies, yalipandishwa makaa ya mwisho.

Sasa sikilizeni hoja yangu ya msingi. Mfalme akifa huacha jumba, huacha sanamu, huacha karatasi zenye muhuri. Mwenye kampuni naye huacha jina. Uwanja wa mpira wa Lens, ambao mashabiki wa soka wengi mnaujua, ulifunguliwa mwaka 1933 na ulijengwa kwa nguvu za wachimbaji waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Ukapewa jina la nani? La Félix Bollaert, mkurugenzi wa biashara wa kampuni ya migodi. Ni tangu mwaka 2012 tu ndipo jina hilo lilipoongezewa la André Delelis, aliyekuwa meya wa mji. Mashimo mengi ya migodi nayo yaliitwa kwa majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Na mchimbaji je? Mchimbaji alikuwa na namba. Namba kwenye taa yake, namba kwenye kile kibati alichokabidhiwa akishuka na kukirudisha akipanda, ili ijulikane nani yuko chini na nani yuko juu. Kitu kikubwa alichokiacha, kinachoonekana kwa macho kutoka mbali, ni kifusi. Kila jiwe katika vilima vile lilipita mikononi mwa mtu: mwanamume alilivunja kule chini, kijana alilisukuma, mwanamke au msichana alilitenga na makaa kule juu, amesimama kutwa nzima penye vumbi. Thamani yote iliondoka na treni. Kilichobaki ni kile ambacho kampuni haikukitaka. Ndiyo maana nasema kwamba anayekifagia kifusi anafagia ushahidi wa watu ambao hawakuachiwa ushahidi mwingine wenye ukubwa huo.

Na hatari ya kukifagia haikuwa ya kufikirika. Migodi ilipokuwa ikifungwa, minara mingi ya chuma iliangushwa, majengo yakavunjwa, na vifusi vingi vikachotwa kwa matingatinga kwenda kutengeneza barabara. Kwa wahandisi wa barabara ile ilikuwa kokoto ya bei rahisi. Waliosimama kuvitetea vilivyobaki walikuwa wenyeji wenyewe, wakiwemo watu wa Loos-en-Gohelle, wakati ambapo wengine waliwaona kama watu wanaolinda jalala. Leo njia ya miguu inapanda hadi kileleni. Ukipanda, unachokanyaga ni mawe bapa, meusi na ya kijivu, yanayomomonyoka chini ya kiatu na kulia kama vigae. Na pale yalipoungua kwa moto wa ndani yamegeuka mekundu kama tofali. Maana ndani ya baadhi ya vifusi vya ukanda huu mabaki ya makaa bado yanaungua polepole, na ardhi yake ina joto. Miti ya kwanza kuota huko ilikuja yenyewe na upepo. Huko Haillicourt, magharibi mwa Lens, mwaka 2011 walipanda mizabibu kwenye mteremko wa kifusi unaopata jua, na divai inatoka. Mlima wa kifusi umekuwa nchi yenye uhai wake.

Lakini msikilizaji, asije mtu akadhani kwamba kutembelea mji wa makaa ni kupanda kilima na kupiga picha. Kama kuna mahali pamoja ambapo mgeni anapaswa kusimama na kunyamaza, ni katika chumba cha kubadilishia nguo. Mashariki mwa Lens, karibu na Douai, kuna kijiji kiitwacho Lewarde, na hapo mgodi uliofungwa mwaka 1971 uligeuzwa kuwa makumbusho, yakafunguliwa kwa wageni mwaka 1984. Kwa miaka mingi waliowatembeza wageni walikuwa wachimbaji wa zamani wenyewe. Chini kabisa hashuki mtu tena, kwa sababu mashimo yalizibwa. Njia za mgodini zimetengenezwa upya juu ya ardhi. Lakini chumba cha nguo ni kile kile. Fikirieni ukumbi mrefu wenye dari la juu, na darini zinaning'inia nguo: koti, suruali, kofia, viatu, mamia kwa mamia, kila seti kwenye ndoano yake, kila ndoano na mnyororo wake, na kila mnyororo unashuka hadi ukutani ambako umefungwa kwa namba. Mchimbaji akifika alivua nguo zake za nyumbani, akazitundika, akavuta mnyororo zikapanda hewani, zikakae mbali na vumbi. Akavaa za kazini, akashuka. Jioni kinyume chake. Ukitazama juu, zile nguo zinaonekana kama watu wanaoning'inia, na ndiyo maana wachimbaji wenyewe walikiita chumba cha walionyongwa. Sasa jiulize: jioni zamu imekwisha, watu wameoga, wamevaa, wameondoka, na darini bado iko seti moja ya nguo safi za nyumbani ambayo hakuna aliyeishusha. Kwa waliokuwa mle chumbani, habari ilikuwa imekwisha kufika.

Ipo siku ambayo nguo zisizoshushwa zilizidi elfu moja. Tarehe 10 Machi 1906, asubuhi, vumbi la makaa lililipuka katika migodi ya kampuni ya Courrières, mashariki mwa Lens, chini ya vijiji vya Méricourt, Sallaumines na Billy-Montigny. Waliokufa ni 1,099, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa miaka 13 na 14, maana watoto walifanya kazi chini. Msiba huo haujazidiwa na ajali nyingine yoyote ya mgodi barani Ulaya. Na liko jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko hata idadi. Baada ya siku chache tu kazi ya uokoaji iliachwa, ikasemwa kwamba hakuna tena aliye hai, na jitihada zikaelekezwa kwenye kuudhibiti moto na kuinusuru migodi. Siku ya 20, tarehe 30 Machi, wanaume na vijana 13 walijitokeza wenyewe kutoka gizani, wakiwa hai. Siku chache baadaye akatoka mwingine. Je, wajane walioambiwa wakazike na wanyamaze walijisikiaje siku ile? Mgomo wa wachimbaji uliokuwa umeanza ukaenea ukanda mzima; serikali ikapeleka wanajeshi. Na mwezi Julai mwaka huo huo Ufaransa ikapitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi mapumziko ya Jumapili. Kwa hiyo anayekula chakula cha Jumapili na familia yake huko Ufaransa ana deni kwa watu wa hapa, ajue asijue.

Hiyo ni ajali kubwa. Lakini wengi hawakufa kwa ajali. Walikufa kitandani, pumzi ikikatika, kwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe. Ufaransa iliutambua rasmi kuwa ugonjwa wa kazini mwaka 1945 tu, na hata baada ya hapo mgonjwa alilazimika kubishana na madaktari kuhusu kiwango cha ugonjwa wake, maana kiwango ndicho kilichopanga fidia. Ajali ina tarehe na mnara wa kumbukumbu. Kikohozi hakina. Kilibaki ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa tofali nyekundu, akikisikia mke na watoto.

Na ni nani hao waliokohoa? Hapa napenda tukae kidogo, kwa sababu wageni wengi hufika Lens wakidhani wamekuja kuona historia ya Wafaransa peke yao. Vita ya Kwanza ilipokwisha, wanaume walikuwa wamekufa na migodi inataka watu. Mwaka 1919 Ufaransa na Polandi zikatiliana saini mkataba wa wafanyakazi, na Wapolandi wakaja kwa makumi ya maelfu, na mapadri wao, na bendi zao, na maduka yao ya nyama. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, wengi walipakiwa kwenye treni na kurudishwa kwao. Mmoja wa waliofukuzwa mwaka 1934 kwa sababu ya mgomo alikuwa kijana Edward Gierek. Miaka 36 baadaye akawa kiongozi wa chama tawala cha Polandi. Waliobaki walizaa watoto waliokwenda mgodini pia. Raymond Kopa, aliyezaliwa Nœux-les-Mines mwaka 1931 katika familia ya Kipolandi, alishuka chini akiwa kijana wa miaka 14 na kupoteza sehemu ya kidole katika ajali. Mwaka 1958 alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya, akiwa Real Madrid. Kisha wakaja Wamoroko. Kuanzia miaka ya 1960, mtu aitwaye Félix Mora, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alizunguka vijiji vya kusini mwa Moroko kwa niaba ya migodi. Aliwapanga vijana mstari, akakagua miili yao, akawagonga muhuri kifuani: wa kijani aliyekubaliwa, mwekundu aliyekataliwa. Sikieni vizuri wakati wenyewe: ni baada ya serikali kwisha kuamua kwamba uzalishaji utapungua. Walichukuliwa kwa mikataba mifupi, wafanye kazi ya kufungia mlango, na miaka mingi baadaye baadhi yao bado walikuwa mahakamani wakidai marupurupu sawa na wenzao. Muhuri ule kifuani haukubaki kwenye ngozi. Kifusi walichokipandisha kipo.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapa ndipo lilipo lile sharti nililolitaja mwanzo. Kampuni haikumpa mchimbaji mshahara tu. Ilimpa nyumba yenye bustani ya kupanda viazi na maharage, ikampa makaa ya kupikia, ikajenga shule, kanisa, zahanati, hata ukumbi wa muziki. Ni ukarimu? Ulikuwamo, siukatai. Lakini nyumba ya mwajiri ni nyumba yenye kamba. Ukigoma, unaweza kutolewa na watoto wako na vyombo vyako. Mwana asipokwenda mgodini, familia inaulizwa kwa nini. Wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa zaidi. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka ule ule wa 1906, ilijenga makambi Katanga kwa mfumo wa aina hii hii: nyumba, posho, shule, hospitali, na nidhamu. Watu waliiita kampuni baba na mama. Na Lubumbashi nayo ina kifusi chake, mlima mweusi wa mabaki ya tanuri ulio kando ya bomba refu la moshi, alama ya mji mzima. Baba na mama huyo alipodhoofika, waliolelewa naye waliachwa na nyumba zinazovuja. Lens ilijua jambo hilo hilo. Migodi ilipofungwa hazikuondoka ajira peke yake. Aliondoka mwenye nyumba, mwenye zahanati, mwenye kila kitu.

Hapo zinakuja hoja za wanaopinga, na ni haki tuzisikilize. Wa kwanza anasema: wenyeji wenyewe walitaka kusahau. Wazazi wengi waliwaambia watoto wao soma, usije ukashuka kule nilikoshuka mimi. Leo kwa nini tuwatundikie kifusi shingoni? Ni hoja ya watu waliopata tabu, nami siidharau. Lakini aliyemkataza mwanawe kushuka mgodini hakumwambia asijue baba yake alikuwa nani. Hayo ni mambo mawili. Na tazameni kusahau kungemwangukia nani: uwanja ungebaki na jina la mkurugenzi, na mchimbaji angebaki bila kitu. Kusahau hakungewagusa wote sawasawa. Wa pili anasema: makaa ya mawe yameharibu hali ya hewa ya dunia, mnayatukuzaje? Mimi sijasikia anayepanda kifusi kile akayatukuza makaa. Anayeheshimiwa pale ni mtu. Tena Loos-en-Gohelle hiyo hiyo iliweka paneli za umeme wa jua juu ya paa la kanisa lake, chini ya vivuli vya vifusi vile. Anayeijua gharama ya nishati ya jana yuko tayari zaidi kuuliza gharama ya nishati ya kesho.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, na yeye nitampa nafasi yake. Anasema: mmeleta wageni, mmeleta hata Louvre, na maskini bado ni maskini. Ni kweli kwamba jumba la makumbusho la Louvre, lile la Paris, lilifungua tawi Lens mwaka 2012. Uzinduzi ulifanyika tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, juu ya eneo la mgodi wa zamani namba 9. Wasanifu wake, Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa kutoka Japani, walijenga nyumba ndefu ya kioo na alumini, ya ghorofa moja, isiyoshindana kwa kimo na vibanda vya wachimbaji vilivyo jirani. Ukumbi wake mkuu haulipiwi kiingilio. Ni kazi njema. Lakini mgeni anaweza kushuka kwenye treni asubuhi, akaona sanamu za Kigiriki na michoro ya Kiitaliano, akanywa kahawa, na akarudi Paris kabla ya giza bila kumsalimia mwenyeji hata mmoja. Mitaa ya jirani ina watu wasio na kazi kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Ufaransa, na afya zao ni duni kuliko za wengi. Je, hoja hii inavunja ile niliyoisema mwanzo? Haiivunji. Inaonyesha mahali ambapo heshima inaweza kuishia njiani. Ukilitunza shimo na kuliacha paa la mjane livuje, umeutunza mgodi. Mchimbaji bado hujamtunza.

Na hilo ndilo sharti. Urithi wa ukanda huu hauko kwenye vilele vya vifusi peke yake. Uko ndani ya nyumba ambazo watu wanalala humo usiku wa leo. UNESCO yenyewe iliandikisha mitaa, si minara tu, na kwa hiyo ikaandikisha wakazi wake, upende usipende. Nyumba zile nyingi ni baridi, kuta zake zinavuta unyevu, na kuzipasha moto majira ya baridi kunakula pensheni ya mtu. Mwaka 2017 serikali na viongozi wa eneo walitia saini mpango wa kuufufua ukanda, na ahadi mojawapo ilikuwa kukarabati nyumba 23,000 za wachimbaji katika muda wa miaka 10. Huko Bruay-la-Buissière, mtaa uitwao Cité des Électriciens, uliojengwa katikati ya karne ya 19, umekarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2019: sehemu ni makumbusho, sehemu ni nyumba za watu kupanga na kuishi. Kwa maoni yangu huo ndio mfano wa kufuatwa, kwa sababu mgeni anayesoma maelezo ukutani anasikia upande wa pili wa ukuta mtu akipika. Mgeni na mkazi wanakutana bustanini. Ahadi ya nyumba 23,000 ndiyo ninayoitumia mimi kupima kama heshima ile ya mwaka 2012 ilikuwa ya kweli, wala si hesabu ya tiketi mlangoni.

Kwa hiyo, msikilizaji uliyeko Brussels, Lille au Paris, ambaye siku moja unaweza kupanda treni ile, nakushauri mpango wa safari ambao ni kinyume cha ule wa wengi. Usianze na makumbusho. Anza na stesheni yenyewe ya Lens, iliyojengwa miaka ya 1920 kwa umbo la garimoshi, na msingi uliopangwa uhimili ardhi inayotitia, kwa maana chini yake palichimbwa. Ndani kuna picha za vigae ukutani zinazoonyesha kazi ya mgodini. Zitazame kwanza, kabla ya picha za Louvre. Kisha fuata njia ya miguu iliyopita palipokuwa na reli ya makaa. Pita kwenye mitaa ya tofali nyekundu, pole pole, usalimie watu, na usielekeze kamera kwenye dirisha la mtu. Halafu ndipo Louvre, halafu Loos-en-Gohelle na vifusi vyake, na siku ya pili Lewarde.

Na ukiwa juu ya kifusi, jua linakaribia kuzama, geuka uitazame nchi iliyo chini yako. Utaona paa kwa maelfu, na utadhani zimekaa juu ya ardhi imara. Hazikukaa hivyo. Kwa kuondolewa yale makaa, sehemu kubwa ya ardhi ilishuka, baadhi ya mitaa ikawa chini kuliko mito na mifereji iliyo karibu. Maji ya mvua hayana tena pa kwenda yenyewe. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 30 tangu makaa ya mwisho yapandishwe, dola la Ufaransa bado linaendesha vituo vya pampu huku na huko katika ukanda huu, mchana na usiku, kuyavuta maji na kuyatupa mtoni. Pampu zikizimwa, maji yatapanda hadi majumbani. Mgodi umefungwa kwenye karatasi. Pale chini ya kilima, nyuma ya uzio wa waya, mashine inanguruma hadi leo, na gharama yake inalipwa kila mwezi.